Nililionea Wivu Shavu la Zaki

Juzi, katikati ya kipindi cha Kemia, msichana wa dawati la mbele alianza kutafuna karafuu. Jino lilikuwa linamsumbua, na kwao hawampeleki mtu kwa daktari mpaka mtaa mzima usikie mayowe. Joto la Garissa likaichukua harufu ile na kuieneza darasani kama uvumi. Mwalimu akanusa hewa, akauliza nani amekuja na pilau. Watu wakaangua kicheko. Mimi, ambaye kwa kawaida huwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamazishwa, sikucheka. Pua yangu ilikuwa imeshanibeba hadi likizo moja ya zamani, nilipokuwa darasa la tano, likizo ambayo nililionea wivu shavu la mtu.

Ndiyo, shavu. Shavu lililovimba, la kulia, la mdogo wangu Zaki. Nitawasimulia, lakini msimpelekee maneno haya, kwa sababu siku hizi ana misuli.

Kwanza mumjue bibi yetu, mama yake Mama, ambaye sisi humwita ayeyo. Aliishi kijijini Sangailu na ng'ombe wake. Mara mojamoja alikuja mjini kupimwa presha na kukagua kama Mama anatulea sawasawa. Akirudi, alirudi na mjukuu mmoja. Mmoja tu, kwa sababu Land Cruiser ya Sangailu hujazwa magunia ya sukari na mchele kwanza, halafu watu hupenyezwa pale ambapo magunia yamekosa kujipanga vizuri.

Likizo iliyotangulia alikwenda Zaki. Alirudi na mashavu ya duara, anajua mluzi wa kuita ng'ombe, na kila sentensi yake inaanza na "kule kwetu Sangailu," utadhani mimi nilizaliwa Uchina. Nikavumilia, maana zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Ayeyo mwenyewe alikuwa amesema. Nguo zangu nilizikunja na kuzitia kwenye mfuko kabla hata shule hazijafungwa, na kila asubuhi nilizichomoa, nikavaa, jioni nikazirudisha, ili mfuko usije ukaonekana haujafungwa.

Hapo ndipo gego la Zaki lilipoamua kuoza.

Baba alikuwa njia ya Elwak na lori lake. Mama hakuweza kufunga kibanda chake cha nguo sokoni. Kwa hiyo aliyempeleka Zaki kwa daktari wa meno alikuwa ayeyo, na mimi nikaenda kama mdomo wa ayeyo. Bibi yetu alikuwa mtu wa Kisomali na Qurani. Kiswahili, kama sote tulivyojua, hakikuwa chake. Popote alipokwenda mjini alinishika mkono, na mimi nikatafsiri.

Kazi hiyo niliipenda mno. Sokoni, kwa mama mmoja Mkamba aliyeuza nyanya, ayeyo akisema, "Mwambie apunguze bei," mimi nilisema kwa Kiswahili, "Bibi anasema upunguze bei, na uongeze nyanya moja ya mtoto." Nyanya ile niliila njiani. Kwa maoni yangu ulikuwa ushuru wa mkalimani. Mama alipokuja kugundua alinivuta sikio likawa jekundu, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikakubaliana kwamba Sahra hawezi kubeba neno kutoka mdomo mmoja hadi mwingine bila kulionja njiani.

Daktari alikuwa mtu wa Kitui, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Zaki alipiga yowe moja tu, na hilo alilipiga kabla sindano haijamgusa. Baada ya hapo ganzi ikaingia, koleo likaingia, na gego likatoka likiwa na mizizi kama mhogo. Daktari akampa pamba aume, akaanza kutoa masharti, sentensi moja moja, akinisubiri.

"Leo na kesho asile kitu cha moto. Maziwa baridi, uji uliopoa, hata askrimu ni sawa."

Nikatafsiri. Koo langu likakauka nikitafsiri.

"Aweke barafu shavuni."

Nikatafsiri.

"Asiteme mate, wala asisukutue kwa nguvu. Ile damu ikiganda pale kwenye shimo, ndiyo kifuniko cha kidonda. Akitema, kifuniko kinang'oka, na atanitafuta."

Nikatafsiri, nikatafuta neno la Kisomali la kifuniko, nikasema kile cha sufuria. Ayeyo akakunja uso.

"Na asiongee sana. Watu wa nyumbani wasimchekeshe."

Hapo nikasita. Wasomaji wangu, mimi katika nyumba ile sikuwa na kipaji kingine. Sikuwa mrembo, sikuwa hodari wa hesabu, Qurani nilikuwa bado nahangaika kwenye sura fupi. Kazi yangu duniani ilikuwa kumchekesha Zaki mpaka chai imtoke puani. Na sasa nilikuwa natafsiri hukumu yangu mwenyewe, mbele ya shahidi. Nikaitafsiri yote. Kumbukeni hilo, kwa sababu baadaye hakuna aliyelikumbuka.

Tulipofika langoni ayeyo akasimama. "Daktari alisema nini kuhusu damu?"

"Asiiteme, ayeyo. Ikae."

"Ikae wapi?"

"Mdomoni. Pale kwenye shimo."

"Damu ni najisi, Sahra."

"Si mimi ninayesema. Ni daktari."

"Daktari gani anamlisha Mwislamu damu?" Akanitazama kwa lile jicho la sokoni, jicho la nyanya. Kisha akamgeukia Zaki, akamwambia kwa upole kabisa, "Tema, mwanangu. Tema, usiogope."

Zaki akatema. Akatema mate mekundu mchangani, akayatazama kwa fahari kama mtu aliyetoka vitani.

Sasa nielezeni, wenye akili zenu, kama kuna mtoto angeyavumilia yaliyofuata.

Godoro la ayeyo lilihamishwa hadi sebuleni, na Zaki akalazwa juu yake kama sultani. Tulikuwa na feni moja ya mezani, ile inayogeuza shingo na kumgawia kila mtu upepo wake kwa haki. Mama, aliyechomoka sokoni mara moja kuja kumwona, alikibonyeza kile kidude cha nyuma, shingo ya feni ikasimama, ikamkodolea Zaki peke yake. Upepo wote wa nyumba ile ukawa na jina la mtu mmoja. Barafu ililetwa kutoka kwa jirani mwenye friji ya soda, ikafungwa ndani ya mtandio wa ayeyo, ule laini ambao mimi niliwahi kuufutia pua nikachapwa. Ikawekwa kwenye shavu. Nje jua lilikuwa linakaanga mabati, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji, na ndani ya nyumba yetu kuna barafu inayeyukia kwenye shavu la mtu! Tone likiteremka shingoni mwake, nililifuata kwa macho hadi lilipozama kwenye kola.

Mimi nilikula anjera, ile mikate yetu laini ya kikaangoni, na chai ya moto. Zaki anjera yake ililowekwa kwenye maziwa ya ngamia yaliyopoa, ikatiwa sukari, ikakatwakatwa, na ayeyo akamlisha kwa vidole vyake. Askrimu ilikuja kwenye kikombe cha wageni.

Wageni nao wakaja. Kwetu mtu akiugua, hata kama ni kucha, watu huja kumwombea. Kila aliyeingia alisema dua, akashika kichwa cha mgonjwa, akaacha pakiti ya juisi. Zaki, kwa kuwa alikatazwa kuongea, aliwajibu kwa kuinua kidole kimoja, polepole, kama mheshimiwa. Kidole kikielekea mlangoni, maana yake maji. Kikielekea juu, mto wa pili. Kikinielekea mimi, maana yake nitoke.

"Mwondoeni huyo," Mama alisema, "uso wake tu unachekesha."

Na kazi? Kazi nilipewa. Palikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, tupu, lililowekwa kando ya godoro la Zaki. Yeye anatema, mimi nabeba. Nalimwaga nyuma ya choo, nafukia kwa mchanga, nalisuuza, nalirudisha. Kila niliporudi nilisema, "Ayeyo, daktari alisema asiteme."

"Mwenye wivu," akasema jirani yetu mmoja aliyekuja na juisi ya embe, "huona wivu hata mate."

Watu wakacheka. Zaki peke yake hakucheka, kwa amri ya daktari.

Mama aliporudi kutoka sokoni jioni nikamshitakia. Alikuwa ameketi, miguu imevimba, anajipepea kwa kipande cha boksi kwa sababu feni ilikuwa na kazi. Alinisikiliza nusu. "Sahra, ungekuwa unasema kweli siku nyingine zote, ningekuamini leo."

"Lakini nilitafsiri hata ile ya kutochekesha! Ningekuwa mwongo, si ningeanza na ile?"

Hoja ilikuwa nzito, lakini miguu ya Mama ilikuwa mizito zaidi. "Nenda kalale," akasema.

Hayo yote ningeyameza. Lakini kesho yake, nikiwa nyuma ya pazia napunguza sukari iliyobaki kwenye bakuli la mgonjwa, nikamsikia ayeyo akimwambia Mama: "Mtoto amepoteza damu. Mgonjwa hupelekwa kwenye maziwa. Safari hii nitaondoka tena na Zaki."

Sikulia. Nilikwenda kwenye mfuko wangu, nikazitoa nguo zangu moja moja, nikazirudisha kwenye sanduku. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha Baba cha kunyolea ndevu, nikafungua mdomo, nikayakagua meno yangu. Yalikuwa mazima yote, yamepangana kama askari, hayana huruma hata kidogo. Nililigonga gego la nyuma kwa kijiko. Likanyamaza. Sijawahi kuyachukia meno kama nilivyoyachukia yale, na ndiyo haya ninayotafunia hadi leo.

Sasa, mimi nilivijua vilio vya Zaki kama mchungaji anavyozijua kengele za ngamia wake. Kulikuwa na kilio cha kutaka kitu, kirefu, chenye mapumziko ya kuangalia kama kuna anayesikia. Kulikuwa na kilio cha kuchapwa, kinachoanza kabla ya fimbo. Siku chache baada ya kung'olewa jino, wakati ambapo hata uvimbe ulitakiwa uwe umepungua, nilikuwa jikoni naosha vyombo nikasikia sauti nisiyoijua. Ndogo, ya ndani, kama ya mlango. Nikageuka. Zaki alikuwa amesimama pale ameshika shavu, hana mtandio, hana barafu, hana kidole cha uheshimiwa.

"Linauma?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa kuashiria ndiyo. "Mpaka sikioni."

Akaketi chini kando yangu, kwenye maji ya vyombo. Mkononi alikuwa na kile kikombe cha wageni, na ndani yake askrimu, haijaguswa. Akanisogezea.

"Kula wewe."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kuniachia hata ganda la ndizi.

Niliila, siwadanganyi. Lakini niliila harakaharaka bila kuionja, kama mtu anayemeza dawa, halafu nikafuta mdomo nikaenda kwa ayeyo. Alikuwa kwenye mkeka wake anavuta tasbihi.

"Ayeyo, tumrudishe Zaki kwa daktari. Sasa hivi."

"Maumivu ni ya kupona, mwanangu."

"Si ya kupona. Kifuniko kimeng'oka."

Akaniangalia. Najua aliona nini: mtoto mwenye askrimu kwenye pembe ya mdomo, bingwa wa kuongeza chumvi, aliyenyang'anywa safari. Hata mimi nisingemwamini. Basi nikafanya kitu ambacho hadi leo kinanishangaza. Nikachukua kile pekee nilichokuwa bado nakitumaini, nikakiweka mezani.

"Twende tumsikilize daktari mwenyewe. Ukikuta niliongeza neno lolote, hata moja, Sangailu ni ya Zaki. Likizo hii na ile nyingine."

Tasbihi ikasimama. Ayeyo akanyanyuka, akavaa viatu.

Daktari alimtazama Zaki mdomoni kwa muda mfupi tu. "Shimo liko wazi," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Damu haikuganda. Mfupa unapigwa na hewa." Akasafisha, Zaki akinivunja vidole kwa kuvibana, halafu akapachika mle ndani dawa nyeusi-nyeusi yenye harufu kali ya karafuu. Chumba kizima kikanuka pilau. Zaki akafumba macho, na nikayaona mabega yake yakishuka polepole, kama hema linalolegezwa kamba.

Kisha daktari akaivua barakoa, akanigeukia mimi. "Nilisema asiteme. Nani alimwambia ateme?"

Ndugu zanguni, swali lile lilikuwa halali yangu! Nililiota, nililingoja, na sasa lilikuwa mdomoni mwangu, ningelitafsiri tu, lingekwenda moja kwa moja hadi kwa ayeyo, mbele ya mtu wa nje. Nikamtazama. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, mzee, ananisubiri. Sikuweza. Nikaanza kutafuta uongo mzuri, na kwa mara ya kwanza maishani uongo ukanikimbia.

Ayeyo akakohoa.

"Mimi," akasema. Kwa Kiswahili. "Mimi nasema teme. Damu najisi. Mtoto hii" — akanishika kichwa — "nasema kweli. Mimi nasema yeye nadanganya. Bole, daktari. Bole sana."

Mimi na Zaki tulitazamana. Zaki, na dawa yake mdomoni, alisahau kuumwa.

Daktari akacheka kidogo, akasema, "Mama, kama shida ni najisi, siku nyingine ungeniuliza. Asiteme kwa nguvu, ainamishe tu kichwa, mate yadondoke yenyewe kwenye kitambaa. Hatameza na hatajiumiza." Akaniambia nimtafsirie. Kabla sijafungua mdomo ayeyo alikuwa ameshatikisa kichwa: amesikia.

Tukatoka. Tulitembea mpaka kwenye duka la kona.

"Ayeyo. Unajua Kiswahili?"

"Cha soko tu. Cha damu na vifuniko sikijui."

"Cha soko?" Nikasimama. "Hata cha nyanya?"

"Hasa cha nyanya."

"Sasa kwa nini hukusema siku zote hizi? Kwa nini unanibeba kila mahali nikutafsirie?"

Akafikiri, kwa utulivu, kama mtu anayechagua mbuzi. "Ningesema, mkono wangu ungeshika nini njiani?"

Na akaendelea kutembea, mkono wake ukiwa begani kwangu, kama ulivyokuwa kwenye kila safari ya sokoni, hospitalini, msikitini na kwa shangazi, siku zote zile nilizokuwa nikihesabu matone ya barafu kwenye shingo ya mwenzangu.

Usiku huo, wakati wa chakula, Mama alitaka kujua nani basi anakwenda Sangailu. Daktari alikuwa amesema dawa ya Zaki lazima ibadilishwe mara kadhaa. Ayeyo hakutoa hotuba. Alimega anjera yake, akasema, "Mgonjwa abaki na daktari wake. Huyu mwongo aje na mimi, nimchunge."

Siku ya kuondoka nilipenyezwa katikati ya magunia ya mchele, magoti yangu yamegusa kidevu. Zaki alisimama langoni na shavu lake. Alikuwa na juisi ya embe mkono mmoja na barafu mkono mwingine, na alikuwa ananitazama kwa uso ambao niliujua mara moja, maana nilikuwa nimeuvaa mimi tangu jino lake ling'oke. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi hadi kwenye kona ya kwanza.

Sangailu nilikunywa maziwa mpaka nikasikia yakicheza tumboni nikitembea. Jioni niliketi kando ya ayeyo akikamua ng'ombe. Kama hamjawahi kuona, ni hivi: ndama huachiwa kwanza anyonye kidogo, mpaka maziwa ya mama yake yashuke. Kisha huvutwa pembeni na kufungwa palepale, mbele ya macho ya mama, na binadamu anakamua. Ndama yule alikuwa na hasira za ajabu. Alivuta kamba, akapiga kwato, akanikodolea macho mimi na kikombe changu chenye povu, kana kwamba nimemwibia ukoo mzima.

"Tazama wivu wake," nikasema, nikicheka.

"Anadhani tunamaliza," akasema ayeyo, vidole vyake vikiendelea na kazi. "Kila jioni anadhani hivyo. Na upande wake wa kiwele sijawahi kuugusa. Akifunguliwa, atakuta umejaa, umemngoja."

Nilimcheka ndama yule mpaka maziwa yakanitoka puani. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwa nini ayeyo, alipokuwa akiyasema maneno yale, hakuwa akimtazama ndama.